Tuonyesheni Nyusi Zilizopona

Mjomba wangu ana bucha. Ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia ukweli kuhusu nyusi zangu. Nilikuwa nimesimama nje kwake saa sita mchana, jua limewaka, nikisubiri anipimie nusu kilo. Akanitazama, akageuka kumtazama mbuzi aliyening'inia nyuma yake, akanitazama tena. Kisha akauliza, "Kwani wewe ulipigwa mhuri lini?"

Kama hujawahi kuangalia nyama buchani vizuri, kuna alama ya wino ambayo mkaguzi hugonga kwenye paja la mnyama kabla nyama haijatoka kichinjioni. Ni buluu inayoelekea zambarau, na kingo zake zimelowa na kusambaa. Hiyo ndiyo rangi ambayo nyusi zangu zilikuwa nayo miezi minane baada ya kulipa shilingi elfu saba ili ziwe "nachuro".

Nilicheka na mjomba, nikabeba nyama yangu, nikaenda nyumbani nikalia. Baadaye nikaanza kusoma na kuulizauliza, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyozidi kukasirika. Makala haya yametoka kwenye hiyo hasira. Nawaandikia nyinyi mnaopanga kwenda kuchanjwa nyusi mwisho wa mwezi mshahara ukiingia. Nawaandikia pia mafundi wanaowasubiri.

*

Nianze na kwa nini nilienda, maana najua kuna mtu tayari anatikisa kichwa.

Nikiwa na miaka sita nilianguka kwenye ngazi za ploti. Nyusi yangu ya kushoto ilipasuka katikati, na pale penye kovu nywele hazikuota tena. Tangu nimalize sekondari nimekuwa nikipaka wanja kila asubuhi kuziba lile pengo. Dakika kumi kila siku, na ukiwa umechelewa mkono unatetemeka, upande mmoja unakuwa tao na mwingine unakuwa paa la nyumba. Halafu unatoka. Mvua ya Aprili inakunyeshea. Helmeti ya boda inakufuta. Unafika kazini na nyusi moja na nusu, na hakuna anayekuambia mpaka saa nane.

Kwa hiyo niliposikia kuna kitu kinakaa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, nilitaka. Sikutaka kufanana na mtu yeyote. Nilitaka pengo lizibwe.

Ilikuwa ghorofa ya tatu katikati ya jiji, kwenye moja ya yale majengo yaliyogawanywa kwa mbao na vioo hadi duka moja likawa maduka ishirini. Kijana wa kuita wateja alinipokea kwenye ngazi: "Kucha, kope, nyusi, mrembo, ingia tu uangalie." Fundi alisema elfu kumi. Nikasema nina saba. Akafikiria kidogo, akasema, "Haya, kuja, lakini usiambie mtu." Akanionyesha picha kwenye simu. Mwanamke kwenye picha alikuwa mweupe kama karatasi, nywele zake za nyusi zimelala moja moja kama zimechanwa na malaika. Nikauliza, "Na kwangu itakaa hivi?" Akanijibu bila kuinua macho: "Itakaa nachuro kabisa, dadangu."

Hakunigusa ngozi wala kuniuliza kama nina makovu yanayovimba. Hakuniuliza ninatumia krimu gani usoni. Baada ya saa moja na nusu nilikuwa na nyusi kali, nyeusi, safi. Akawasha ile taa ya duara, akanipiga picha, akaiweka kwenye ukurasa wake. Mpaka leo niko pale. Watu wanaendelea kuandika mioyo chini ya uso wangu. Hawajui kwamba zile nyusi ziliishi siku nne.

*

Sasa tuongee kuhusu kinachofanyika, kwa sababu nusu ya wizi huu inategemea sisi kutojua.

Fundi anashika kifaa kama kalamu, chenye safu ya sindano nyembamba mwishoni. Anachanja mistari midogo inayofanana na nywele, kisha anapaka rangi iingie kwenye mikwaruzo. Wenyewe wanaita maikrobledi. Bibi yangu angeita chale, na angekuwa sahihi. Njia ya pili hutumia mashine inayodonoa nukta ndogo ndogo nyingi hadi zifanye kivuli laini, kama poda.

Ngozi ina tabaka la juu linalojibadilisha kila baada ya mwezi hivi. Rangi ikiishia hapo, itaanguka na magamba. Kwa hiyo ni lazima ifike kwenye tabaka linalofuata, lakini juujuu tu. Ikizama zaidi ya hapo inasambaa, na mwanga unaoifikia unarudi ukiwa na ubuluu. Kati ya kuchanja kidogo mno na kuchanja kupita kiasi kuna nafasi ndogo kuliko unene wa kadi ya benki. Hiyo nafasi ndiyo ufundi wenyewe. Huijifunzi kwa siku tatu ukichanja kipande cha mpira.

Sisi watu weusi tuna jambo la ziada. Melanini yetu imejaa kwenye lile tabaka la juu, na rangi ya fundi inakaa chini yake. Maana yake ni kwamba utaitazama rangi hiyo maisha yake yote kupitia ngozi yako mwenyewe, kama unavyotazama kitu kupitia chupa ya kahawia. Rangi iliyokaa vizuri kwenye uso wa mtu mweupe, kwako itaonekana imepoa, imegeuka jivu. Rangi nyeusi ndiyo mbaya zaidi. Nyingi zimetengenezwa kwa kaboni, ambayo kwa lugha ya jikoni ni masizi. Masizi hayapauki haraka, na yakikaa chini ya ngozi yanaelekea kijivu, kisha buluu. Zile za kahawia zinazotokana na oksidi za chuma, yaani kutu, hupauka upesi zaidi na mara nyingi huacha wekundu.

Fundi anayeijua ngozi nyeusi hachagui rangi kwa kulinganisha chupa na nywele zako. Anaongeza joto kwenye mchanganyiko, uchungwa au wekundu kidogo, ili ngozi ikishaupooza kibaki kahawia. Na kama uso wako una mafuta, kama wangu unaong'aa kabla ya saa nne asubuhi, atakuambia mistari ya kuchanja haitakaa. Italowa na kuungana kama wino kwenye tishu. Atakushauri mashine na kivuli. Kama makovu yako huvimba na kuwa keloidi, na hilo hutupata sisi zaidi kuliko watu weupe, atakutuma kwa daktari wa ngozi kwanza, au atakurudishia pesa zako.

Mimi niliulizwa tu kama nitalipa kwa M-Pesa au kashi.

*

Kuna uongo mmoja mkubwa kuliko mingine yote, nao ni picha ya siku ya kwanza.

Siku ya kwanza ngozi imevimba kidogo na rangi bado iko juu. Mistari inaonekana mikali kwa sababu ni vidonda vibichi. Siku ya tatu au ya nne rangi inakolea hadi unajificha. Baadaye inabanduka vipande vipande, na wiki ya tatu unaona kama hakuna kilichobaki, unaanza kumtukana fundi kimoyomoyo. Kisha rangi inarudi taratibu. Ni baada ya wiki sita hivi ndipo unaweza kusema umepata nyusi gani, na hapo ndipo unapaswa kurudi kwa mkono wa pili, kurekebisha. Baada ya mwaka ndipo unajua rangi ilikuwa nzuri au ilikuwa masizi.

Sasa fungua kurasa za mafundi wa nyusi. Mimi nilikaa jioni nzima nikipitia za hapa Nairobi, moja baada ya nyingine. Kabla, baada. Kabla, baada. Na ile "baada" ni dakika ya arobaini, chini ya taa ya duara, ngozi imepakwa mafuta. Ni kama muuza miche akuonyeshe picha ya shimo alilochimba, akuambie hili ndilo embe. Picha ya nyusi iliyopona niliitafuta kama sindano iliyoanguka kwenye zulia. Nilipoipata, mara nyingi ilikuwa ya mtu mweupe, imeokotwa kwenye ukurasa wa watu wa mbali.

Hapo ndipo neno "nachuro" linaponichoma. Nachuro ya nani? Kwenye mabango ya haya mafunzo utakuta kile kipimo cha Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani aliyekitunga mwaka 1975 akitaka kujua ngozi ivumilie mwanga kiasi gani kwenye matibabu. Kilianza na ngozi nyeupe za aina nne. Sisi tuliongezwa baadaye, kahawia namba tano, nyeusi namba sita. Yaani Mturkana, Mmeru, Mkisii na Mbajuni wa Lamu, wote tumegawana masanduku mawili ya mwisho. Halafu fundi anaangalia hapo, anasema, "Wewe ni namba tano," anachukua chupa ya namba tano. Simlaumu Fitzpatrick, hakuwa anachora nyusi. Namlaumu anayechukua kipimo cha jua akakifanya kipimo cha rangi.

Na wale wanaopima uso kwa uzi na bikari, wakitafuta ile namba 1.618 wanayoiita uwiano wa dhahabu, nawaomba wapunguze. Kupima ni kuzuri, uzi unasaidia. Lakini hakuna uso wa binadamu ulio sawa pande zote mbili. Jicho moja liko juu kidogo, mfupa mmoja umetokeza. Ukizifanya nyusi zilingane kwa milimita, utakuwa umelitangaza lile jicho lisilolingana. Uso unatembea pia. Unacheka, unanuna, unashangaa bei ya mafuta. Nyusi iliyopimwa ukiwa umelala chali umefumba macho itakushangaza ukisimama.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna anayelitaja kwenye viti vile, nalo ni mkorogo. Tunajua nani anajichubua, tunanyamaza. Fundi anachagua rangi ya kukaa miaka miwili kwenye uso ambao rangi yake inategemea kopo litakaloisha mwezi ujao. Ngozi ikirudi, nyusi zimebaki na kumbukumbu ya mtu mwingine. Na zile krimu kali za kubandua ngozi zinaila rangi upesi. Fundi asiyethubutu kuuliza "unapaka nini?" hawezi kukupa chochote cha asili.

*

Najua kuna watu wamesoma hadi hapa wakisubiri kusema: ulijitakia. Mungu alikupa nyusi, ungetosheka nazo. Kuna mhubiri atafungua Walawi 19. Kuna kijana wa Twitter atasema wanaume hawapendi, kana kwamba nilimwomba mwanamume mchango. Kuna wenye mzaha wa nyusi za Nike, mzaha uliozeeka kuliko watoto wa darasa la pili.

Kwa mhubiri, namheshimu, na mwenye imani inayomkataza asichanjwe, basi asichanjwe. Hata kule Pwani wanazuoni wanalijadili jambo hili na wengi wanakataa, huku wanja wa manga na hina vikiendelea kupamba maharusi. Lakini asiniambie kwamba kujichora ni ugeni ulioletwa na simu. Wamakonde, ambao serikali yetu iliwatambua juzi tu kama kabila la 43, wazee wao wana chale usoni zilizopangwa kwa ustadi ambao hakuna saluni ya mjini inayoweza. Zile chale zilichanjwa na mtu aliyejua ngozi ya anayemchanja, kwa sababu ilikuwa ngozi kama yake. Hicho ndicho tulichopoteza. Tulikuwa na ufundi wa ngozi nyeusi, sasa tunanunua ufundi wa ngozi nyingine kwa awamu.

Kwa wenye mzaha nina hadithi moja tu.

Mama yangu mdogo anaishi Mombasa. Alipata saratani ya titi, akapewa dawa za kemo, nywele zikaondoka. Za kichwani hakuzijali sana, ana leso za kutosha. Zilipoondoka nyusi ndipo alipoacha kutoka. Aliniambia, "Mwanangu, nywele unafunika. Hizi unafunika na nini?" Alisema watu sokoni walimtambua kama mgonjwa kabla hawajamtambua kama yeye. Muuza samaki aliyemjua miaka kumi alimpa pole kabla ya kumpa salamu.

Matibabu yalipoisha nywele za kichwani zilirudi. Nyusi zilirudi nusunusu, mabaka. Akataka kuchanjwa. Daktari wake alimwambia asubiri kwanza mwili urudishe kinga, akasubiri miezi. Kisha akaenda kwa fundi mmoja, mwanamke wa makamo asiye na mbwembwe, na mimi nilimsindikiza, nyusi zangu za mhuri zikiwa chini ya wanja.

Yule mama wa nyusi hakumchanja siku hiyo. Alimkalisha dirishani, si chini ya taa. Akamshika paji la uso kwa vidole, akatazama makovu ya zamani ya mikono yake kuona yanaponaje. Akadonoa nukta ya rangi nyuma ya sikio, akamwambia arudi baada ya wiki kadhaa. Akamwambia pia, siku ukienda kupigwa picha za sumaku hospitalini, waambie una rangi yenye chuma usoni, mara chache inaweza kuchomachoma. Halafu akamuuliza swali ambalo sijasikia fundi mwingine akiuliza.

"Mama, uko na kitambulisho?"

Mama mdogo akadhani anataka kuandikwa kwenye daftari. Akatoa. Yule fundi akakiinamia, akakisogeza karibu na mwanga, akatazama ile picha ndogo ya zamani kwa muda mrefu. "Haya," akasema. "Ndizo hizi tunazitafuta."

Alifanya kwa mashine, kidogo kidogo, mara mbili, wiki nane katikati. Mama mdogo aliomba ziwe nyeusi zaidi, akakataliwa. Aliomba mkia urefushwe, akaonyeshwa kitambulisho. Alipotoka mara ya kwanza alinung'unika njia nzima: "Nimelipa pesa yote hii na hakuna kitu kinaonekana."

Baada ya kupona alienda sokoni. Muuza samaki alimwambia, "Umenenepa, ama?" Akatafuta kilichobadilika asikione. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Hiyo ndiyo maana ya kuonekana asili. Mtu anakuona wewe, haoni kazi iliyofanywa.

*

Sitaki kuwaonea mafundi. Rafiki yangu mmoja anafanya kazi hii, nilimsomea rasimu ya makala haya, akanijibu kwa ukali. "Wewe unaandika tu. Mteja akija anataka atoke hapa nyusi zimeiva, ndio apige selfi. Nikimwambia rudi baada ya wiki sita, anaenda mlango wa pili. Nikimwambia nyeusi haitakufaa, ananiambia kwani nani analipa? Na kodi ya kiti hainingojei."

Amesema kweli, na sehemu ya kweli hiyo ni mimi. Mimi ndiye niliyepunguziwa elfu tatu nikajiona mjanja. Sikuwahi kujiuliza zile elfu tatu zilitolewa wapi. Sasa najua. Ilitolewa ile ziara ya pili ya kurekebisha. Huenda ilitolewa pia rangi nzuri, na naomba Mungu haikutolewa sindano mpya, kwa sababu sindano iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kukuachia homa ya ini au virusi vya UKIMWI, na hivyo havipauki baada ya miaka miwili. Bei ya kazi hii ni ya sindano ya mtu mmoja inayofunguliwa mbele yako na kutupwa mbele yako. Ukiishusha, ujue unakishusha na hicho.

Lakini kweli ya rafiki yangu haiishii mahali pazuri. Mteja hajui, ndiyo maana amekuja kwa fundi. Ukienda kwa fundi wa nguo na kitambaa cha mita moja ukitaka suti, atakucheka, atakataa. Hatashona suti ya mtoto akuambie uvute tumbo. Kwa nini anayeshona nguo ya kuvuliwa jioni awe na msimamo kuliko anayechora uso?

Na wenye mamlaka wako wapi? Leseni ya biashara ukutani inaniambia kwamba mwenye duka amelipa ada ya kaunti. Hainiambii kama anajua kina cha sindano. Pakiti ya unga ina alama ya KEBS. Ile chupa ya rangi iliyoingia usoni mwangu sikuona hata jina la aliyeitengeneza. Umoja wa Ulaya uliwekea mipaka maelfu ya kemikali kwenye rangi za tatuu na za vipodozi vya kudumu kuanzia Januari 2022. Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa haijaidhinisha rangi yoyote ya kudungwa kwenye ngozi kwa ajili ya urembo. Kama huko kwenye maabara zote hizo wanasitasita, sisi tunawezaje kufumba macho na kusema "weka tu"?

Msiniambie pia kwamba ikiharibika inafutwa. Niliuliza. Kufuta kwa leza hufanyika mara kadhaa, na bei niliyopewa ilipita mara mbili ile niliyolipa kuchanjwa. Leza inatafuta rangi, na ngozi nyeusi ni rangi. Mashine isiyofaa au mkono usiojua vinaweza kukuachia baka jeupe au jeusi badala ya nyusi. Kwa ngozi zetu mawimbi marefu ya nanomita 1064 ndiyo salama zaidi, kwa hiyo uliza hilo kabla hujalala kitandani. Rangi zenye chuma au titani zinaweza hata kugeuka nyeusi papo hapo zikipigwa leza. Ndiyo maana yule aliyejitolea kunifunika kwa "rangi ya ngozi" nilimkimbia. Ile rangi ya kufunika aghalabu ina titani. Ningetoka na mhuri chini na plasta juu.

*

Kwa hiyo ninadai mambo haya, na ninawaomba mnisaidie kuyadai.

Mafundi, tuonyesheni nyusi zilizopona. Wiki sita, na mwaka mmoja, mchana, dirishani, bila mafuta. Watu weusi wa kila weusi, wenye ngozi ya mafuta na yenye makovu. Kama huna picha hizo kwa sababu wateja wako hawarudi, jiulize kwa nini hawarudi. Na picha yangu itoeni pale, au wekeni na ya sasa kando yake. Nitawatumia bure.

Wateja wenzangu, acheni kuuliza "ni pesa ngapi" kama swali la kwanza. Ulizeni: utanifanyia mistari au kivuli, na kwa nini? Rangi hii ina kaboni? Ikipauka inaelekea rangi gani? Ziara ya pili imo kwenye bei? Umewahi kumkatalia nani? Fundi ambaye hajawahi kumkatalia mtu yeyote, muage vizuri, shuka ngazi.

Na tukubali kungoja. Mtindo wa nyusi unabadilika kuliko nauli za matatu. Mama zetu walizing'oa zikabaki uzi, sisi tukazijaza zikawa vidole, na sasa nyembamba zinarudi tena. Anayekufuatishia mtindo kwa sindano anakuvalisha nguo ambayo hutaweza kuivua ikipitwa.

Mimi bado nina mhuri wangu, ingawa umeanza kupauka. Kila asubuhi nachukua wanja, dakika kumi zile zile, nafunika kitu kilichoniahidi kwamba sitapaka wanja tena. Mvua bado inanifuta, helmeti bado inanisugua, ila sasa chini yake si pengo tu, ni pengo la buluu.

Nimeshaongea na yule mama wa Mombasa. Amesema hatanigusa mpaka rangi ya zamani ipungue vya kutosha, na huenda ikachukua mwaka mwingine. Nilimsihi, akakataa. Nilipomuuliza nije na nini siku hiyo ikifika, aliniambia nije na kitambulisho.

Nikakitoa kwenye pochi kukiangalia. Nilikuwa na miaka kumi na minane, sijajua kupaka wanja vizuri, na lile pengo la kushoto linaonekana wazi kabisa. Sasa sina hakika kama nitamwambia alizibe.